Mita kumi hazikutosha: hesabu ya kingo za kabati

Na Mwandishi Wetu, Moshi

KABATI lenyewe limesimama katika chumba cha kulia chakula cha nyumba moja huko Kibosho, dirisha lake likitazama migomba, na mtu akiliangalia kwa mbele haoni kasoro. Milango yake miwili ni myeupe, vishikio vyake vinang'aa, na juu yake pamepangwa picha za watoto waliovaa majoho ya mahafali. Lakini mwenye nyumba, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, hakunialika nije kulitazama kwa mbele. Aliinama, akanishika mkono, akaviongoza vidole vyangu hadi chini kabisa ya ubavu wa kushoto. Pale ubao ulikuwa umefura kama unga uliotiwa hamira. Ukiukuna kidogo kwa ukucha, chembe za mbao zinadondoka sakafuni.

"Watu hudhani ni la miaka kumi," alisema. "Ni la masika mawili tu."

Fedha za kabati hilo zilitokana na upatu. Mwalimu alipokea zamu yake, akanunua mwenyewe mbao 2 za chipubodi, bawaba, vitasa na gundi, kama alivyoandikiwa na fundi kijana aliyeletewa na jirani. Katika orodha ile palikuwa na mstari mmoja mfupi uliosema: "Mkanda wa ukingo, mita 10." Mwalimu akanunua mita 10. Fundi akafanya kazi siku 4, akalipwa, akashukuru, akaenda zake. Siku ya tano Mwalimu alipofungua milango ili apange vyombo aliona kwamba kingo za rafu na za mbavu hazikuwa na mkanda wowote. Zilikuwa zimepakwa rangi nyeupe, tena mara moja.

Kilichotokea si siri. Fundi alihesabu milango peke yake. Mkanda ulipokwisha alikuwa na njia mbili: kurudi kwa mwenye mali na kukiri kwamba hesabu yake ilikuwa na makosa, au kuziacha kingo nyingine uchi na kuzifunika kwa rangi. Alichagua ya pili, wala hakusema neno.

KITU KIDOGO CHENYE GHARAMA

Huenda msomaji akauliza: mkanda wa plastiki wenye upana wa sentimita 2 una uzito gani hata uchukue ukurasa wa gazeti? Swali hilo ni la haki, nami nilikuwa nalo mpaka nilipolishika lile pigo la chini ya kabati.

Chipubodi ni chembe za mbao zilizochanganywa na gundi, zikashindiliwa kwa joto na kwa nguvu kubwa mpaka zikawa ubao. Uso wake wa juu na wa chini ni mgumu, na aghalabu hubandikwa karatasi ngumu yenye rangi au vinia. Lakini pale unapokatwa kwa msumeno, tumbo lake hubaki wazi. Ukingo huo hunywa maji kama sifongo. Chembe hufura, gundi iliyozishikamanisha hulegea, na ubao ukisha kufura haurudi tena kuwa kama ulivyokuwa hata ukianikwa juani mwezi mzima. MDF, ambayo siku hizi imejaa madukani, nayo ina udhaifu huohuo, ingawa nyuzi zake ni laini zaidi. Plaiwudi ni mvumilivu kuliko hizo mbili, lakini tabaka zake huachana kingo zikiloa mara kwa mara.

Sasa fikiri juu ya nyumba za huku mlimani. Upande wa kusini wa Kilimanjaro hupata mvua nyingi kuliko mjini Moshi, na kuanzia Machi hadi Mei kuta za nje huwa na ubaridi na unyevu usiokauka kwa siku nyingi. Zaidi ya hayo, ndani ya nyumba kuna deki. Kila asubuhi tambara lenye maji hupitishwa sakafuni, na kila asubuhi kitako cha ubavu wa kabati hunywa sehemu yake. Mvua ya nje haikuliharibu kabati la Mwalimu. Lililoliharibu ni usafi wake mwenyewe, jambo ambalo alinieleza kwa kicheko kisichokuwa na furaha.

Kuna na jambo la afya. Gundi inayotumika katika mbao nyingi za namna hii ina fomaldehaidi, hewa kali inayowasha macho na koo, nayo hutoka kwa wingi zaidi katika kingo zilizoachwa wazi kuliko katika nyuso zilizofunikwa. Mwaka 2004 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka fomaldehaidi katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hakuna haja ya kuyatupa makabati. Lakini kuziba kingo zote, pamoja na zile zisizoonekana, ni kinga rahisi kwa chumba anacholala mtoto.

KWA FUNDI WA PASUA

Nilishuka mjini nikamtafuta mtu wa kunifundisha. Katika karakana moja ya Pasua nilimkuta mzee aliyeanza kazi ya randa angali kijana, mwenye penseli nyekundu sikioni na futi kamba mfukoni. Baada ya shikamoo na marahaba nilimweleza shida ya Mwalimu. Hakumlaumu yule kijana kama nilivyotazamia.

"Mteja akija hapa huniuliza bei ya ubao," alisema. "Huniuliza bei ya kitasa. Sijapata bado mteja aliyeniuliza kabati lake lina kingo ngapi. Basi kijana naye hazihesabu, maana hakuna anayemuuliza."

Akageuza kipande cha ubao, akachora kabati la Mwalimu kwa vipimo nilivyompa: urefu wa kwenda juu sentimita 180, upana 90, kina 40, na ubao wenye unene wa milimita 18. Halafu akanipa penseli. Nami, ambaye hesabu za sekondari nilizivuka kwa kuomba Mungu, nikaanza kuhesabu.

Kanuni yake ya kwanza ni kuhesabu vipande, si kabati. Usilitazame kabati lililosimama. Lifumue kichwani mpaka uone kila ubao umelala peke yake, kisha uulize kila ubao: una kingo 4, ni ipi itakayoonekana, ni ipi itakayoguswa na maji, na ni ipi itakayofichwa kabisa ndani ya kiungo? Ya kufichwa ndani ya kiungo haihitaji mkanda. Nyingine zote zinahitaji.

Tukaanza na mbavu 2. Kila ubavu una ukingo wa mbele wa sentimita 180, jumla 360. Una na ukingo wa juu na wa chini, sentimita 40 kila mmoja. Kwa mbavu 2 ni kingo 4, yaani 160. Ukingo wa nyuma utafunikwa na hadibodi itakayopigwa misumari, kwa hiyo huachwa, ingawa mzee huupaka vanishi kwanza. Hizo sentimita 160 za juu na chini ndizo mafundi wengi wasizozihesabu, kwa kuwa moja iko juu ya macho ya watu na nyingine iko chini ya miguu yao.

Kisha kichwa na kitako. Vipande hivi hukaa katikati ya mbavu, kwa hiyo urefu wake si 90. Ni 90 toa unene wa mbavu mbili, yaani 86.4. Vyote viwili vina ukingo wa mbele tu unaoonekana: sentimita 172.8. Rafu 3 nazo ni vivyo hivyo, 86.4 mara 3, jumla 259.2. Hapa mzee alinisimamisha ili nisipite haraka. Kina cha rafu hakiongezi hata sentimita 1 ya mkanda, urefu wake ndio unaohesabiwa. Ndiyo maana kabati lile yeye angelitilia rafu zenye kina cha sentimita 30 badala ya 38, ili vipande vyote vienee katika mbao 2 za futi 8 kwa 4, na mkanda usingebadilika.

Mwisho milango. Mlango hauna ukingo wa kufichwa. Kwa makadirio tuliuchukua kuwa sentimita 180 kwa 45, na mzunguko wa mmoja ni 450. Kwa milango 2 ni 900.

Jumlisha: 360, na 160, na 172.8, na 259.2, na 900. Jawabu ni sentimita 1,852, yaani mita 18 na nusu na chembe. Milango peke yake ni mita 9. Kijana wa Kibosho aliitazama milango, akaongeza mita 1 ya akiba, akaandika 10. Hakukosea kuzidisha, alilitazama kabati likiwa limefungwa.

Lakini mita 18.52 nazo hazitoshi dukani. Mkanda haukatwi sawasawa na ukingo. Huachwa upite kidogo kila upande, halafu ncha hukatwa kwa kisu baada ya gundi kushika. Mzee huacha sentimita 5 kwa kila kipande. Katika kabati letu kuna vipande 19: 6 vya mbavu, 2 vya kichwa na kitako, 3 vya rafu na 8 vya milango. Hivyo ni sentimita 95 zaidi, na tumefika mita 19.47. Juu ya hapo huongeza kipande kimoja cha urefu mkubwa kuliko vyote, sentimita 185, kwa sababu katika kazi ya mkono lazima kimoja kitaharibika, na kitakachoharibika ni kirefu. Tukafika mita 21.32. Akaandika 22.

Mafundi wengine huchukua asilimia 10 juu ya jumla na kumaliza. Kwa kabati hili wangepata mita 20.37, nao huenda wasipungukiwe. Mimi naona njia ya mzee ni bora, hasa kwa kazi yenye vipande vingi vifupi kama saraka, kwa kuwa upotevu hufuata idadi ya ncha kuliko urefu wa mkanda.

FUTI NA MITA

Kuna tanzu ndogo ambayo imewatia hasara watu wengi. Katika karakana zetu futi na mita huishi nyumba moja bila kuelewana. Ubao huitwa wa futi 8 kwa 4, bawaba huitwa ya inchi 3, lakini mkanda huuzwa kwa mita. Mtu aliyeambiwa mita 20, akamtuma mtoto dukani na maneno "futi 60" kwa kuwa amezoea kwamba mita ni futi 3, ataletewa mita 18.29 tu. Amepungukiwa mita 1.71, karibu sawa na ubavu mzima wa kabati. Mita 20 ni futi 65 na zaidi ya nusu.

Meza ya duara ina mtego wa jinsi hiyo. Kipenyo huzidishwa kwa 3.14, si kwa 3. Meza yenye kipenyo cha sentimita 120 inataka mkanda wa sentimita 377. Anayezidisha kwa 3 atakuwa na 360, na nafasi ya sentimita 17 itabaki ikimcheka.

Tena mkanda wote ununuliwe siku moja, ikiwezekana kutoka roli moja. Weupe wa roli hii si lazima uwe weupe wa roli ile, na tofauti isiyoonekana dukani huonekana sana jioni taa inapowashwa. Kwa ubao wa milimita 18 huchukuliwa mkanda wenye upana wa milimita 22, ili upite milimita 2 kila upande na kusawazishwa kwa kisu na msasa. Kama mkanda una gundi yake nyuma, pasi ya moto inatosha, hata ya mkaa, ikitanguliwa na kitambaa kikavu. Kama hauna, gundi hupakwa pande zote mbili, ikaachwa mpaka isishike kidole, ndipo vikutanishwe mara moja tu, maana vikishikana haviachani.

UKINGO WA MTI

Mzee wa Pasua, nikisema kweli, haupendi mkanda wa plastiki. Kwake ukingo wa heshima ni ufito wa mti halisi, wa mninga au wa mringaringa, uliogundishwa na kupigwa randa. Mringaringa, huo unaosimama juu ya kahawa na migomba katika vihamba vyetu, una rangi ya joto na hukubali randa vizuri.

Hesabu yake ni nyingine. Chukua ubao wa inchi 1 kwa 6 wenye urefu wa futi 12. Ufito una unene wa milimita 8. Kila msumeno unapopita hula milimita 3, na randa hula 1 nyingine. Hivyo kila ufito hugharimu milimita 12, na ubao wenye upana wa milimita 150 hutoa fito 12. Fito 12 za futi 12 ni kama mita 44, zinazotosha makabati 2 ya Mwalimu. Na ufito mmoja wa futi 12 hutoa vipande 2 vya sentimita 180, na kubakiza sentimita 5 hivi tu. Fundi anayeujua ukweli huu hununua ubao mmoja mahali pa miwili.

Lakini huku kuna mtego ambao plastiki hauna. Ufito una unene, na unene huo lazima utolewe katika ubao kabla ya kukata. Mlango wa sentimita 45 utakaozungushiwa fito za milimita 8 ukatwe sentimita 43.4. Asiyetoa, mlango wake utakuwa na milimita 16 za ziada, na wa pili vivyo hivyo. Milango miwili haitafungika katika kabati moja. Nimeonyeshwa mlango wa namna hiyo. Umefanywa kibao cha kukatia nyama.

Siku hizi mti wa kukata haupatikani kirahisi, na ni vema iwe hivyo. Mwaka 1984 ukataji wa miti ya asili katika msitu wa Kilimanjaro ulipigwa marufuku. Hata hivyo uchunguzi uliofanywa kwa ndege mwaka 2001 ulikuta miseri, ambayo wengine huiita mikulo, imeangushwa kwa siri katika sehemu nyingi za msitu, na mwaka 2005 msitu wa hifadhi ukaingizwa ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa. Paini na saiprasi za mashamba ya serikali ya West Kilimanjaro na Rongai, pamoja na miti iliyopandwa vihambani, ndizo zilizobeba mzigo. Chipubodi ina faida yake hapa, kwa kuwa hutumia vipande na mabaki ambayo vinginevyo yangechomwa. Nchi yetu iliona faida hiyo mapema. Huko Mkumbara, wilayani Korogwe, kando ya barabara itokayo Moshi kwenda Tanga, kilijengwa kiwanda cha Tembo Chipboards. Na hapa hapa Moshi kipo Chuo cha Viwanda vya Misitu, ambako vijana hufundishwa kupasua na kutumia mbao bila kuzipoteza. Ubao wa mabaki ukioza baada ya masika 2, tumeyatupa mabaki mara ya pili.

MADAFTARI MAWILI

Nilirudi Kibosho na kile kipande cha ubao chenye hesabu ya penseli nyekundu. Mwalimu alikisoma chote, akakosoa tarakimu yangu moja, kisha akaiandika hesabu upya katika daftari. Akampigia simu yule kijana. Nilidhani kutakuwa na maneno makali.

Kijana alikuja jioni, akasalimu, "Shikamoo, Mwalimu," akakaa ukingoni mwa kiti. Mwalimu hakumgombeza. Alimpa daftari jingine lililokuwa tupu, akamwambia, "Mwanangu, hebu nihesabie kingo za kabati hili, moja moja." Kijana alianza kwa milango, akafika 8, akanyamaza. Akafungua milango. Akahesabu rafu, akahesabu kichwa na kitako, akapiga magoti akapapasa chini ya mbavu. Alipoinuka alisema 19, kwa sauti ndogo.

"Niliogopa kukwambia, Mwalimu," alisema. "Ulikuwa umenieleza kwamba ni fedha za upatu. Nikaona nikikurudia utadhani nimekula."

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili, kwa maoni yangu. Mteja hukaza fedha kwa sababu anahofia kuibiwa. Fundi hupunguza makadirio ili asionekane mwizi, au ili asinyang'anywe kazi na jirani yake aliyetaja bei ndogo. Na kati yao ukingo wa chini unabaki uchi. Karatasi yenye orodha ya vipande, na mbele ya kila kipande kingo zake, ingewaokoa wote wawili kwa gharama ya robo saa.

Walikubaliana hivi. Mwalimu atanunua ubao 1 wa kukata mbavu mpya, na mkanda. Kijana hatadai ujira. Kuhusu mkanda, walihesabu pamoja: kingo zilizobaki ni 11, urefu wake mita 9.52, ncha sentimita 55, na kipande cha akiba sentimita 185. Jumla inakaribia mita 12. Pamoja na zile 10 za kwanza zinakuwa 22, zilezile za mzee wa Pasua. Kijana aliongeza pendekezo lake mwenyewe, kwamba mbavu zisiguse tena sakafu. Atalipandisha kabati juu ya miguu ya mringaringa, sentimita 8, ili tambara la deki lipite chini.

Jumamosi nilipopita kuaga, rafu zilikuwa zimeegemezwa ukutani na vyombo vimetandazwa juu ya kitanda cha wageni. Ubavu mpya ulilazwa juu ya meza ya kulia chakula, umetandikiwa magazeti. Kijana alikuwa amepaka gundi ukingo wa chini kabla ya mwingine wowote, naye alikuwa akiugusa kwa ncha ya kidole kila baada ya dakika chache, kuona kama umekauka.